Ngoja Hayupo, Kazini Nakwenda

Nyumba ya Ghorofa, Mlango wa Sita,
Mtaa wa Nyuma ya Posta.

Jumapili, 9 Machi.

Kaka mpendwa,

Kwanza nikusalimu, maana nakujua: ukiona bahasha yangu utaruka salamu zote na kutafuta habari mbaya iko ukurasa gani. Usiruke. Hujambo? Goti linaendeleaje na baridi ya huko? Bado unapanda ngazi upande upande kama kaa, au wifi amefaulu kukukokota hospitali? Na yeye mwenyewe kikohozi kimemwacha? Mapacha je, mkiwasemesha kwa lugha ya kwetu wanajibu, au bado wanawajibu kwa ya huko? Waambie shangazi yao amesema wakija huku hawajui kusalimia watalala nje. Ninatania, lakini wasijue kwamba ninatania.

Sisi huku tu wazima. Mama presha yake imetulia na anagombana na kila mtu, kwa hiyo ujue yuko sawa kabisa. Ninachapa barua hii kwa ile taipureta kuukuu ya tangu shuleni, na yeye ndiye atakayeipitia kwa kalamu kunisahihishia makosa, kwa hiyo akifika hapa atanuna. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo nao unakuja nyuma polepole.

Nianze na kuomba radhi. Ile Jumapili uliponipigia, simu haikukatika. Niliikata mimi. Ulisema, "Sasa mbwa hayupo, basi yamekwisha. Acha kazi, nikutumie tiketi uje ukae na sisi." Najua ulisema kwa upendo. Lakini Ngoja alikuwa amezikwa jana yake tu, na hilo neno "yamekwisha" lilinichoma mahali pabaya. Nikaona nikifungua mdomo nitasema ya kujutia. Jibu langu nakupa leo, kwa utaratibu, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujamwita wifi asikilize.

Wewe Ngoja ulimwona likizo moja tu, na wiki zote mbili ulikula chakula miguu ikiwa juu ya kiti. Kwa hiyo humjui. Acha nikueleze nilikuwa na nani.

Unakumbuka macho yangu yalipozimika nikiwa na miaka kumi na mmoja, wewe ndiye uliyekuwa macho. Ulinishika mkono kwenda shule, dukani, kila mahali. Hata ulipoanza kuchumbia, ulikuwa unakwenda kumwona mchumba mimi niko mkono wa pili, na wifi shahidi. Halafu ukapata kazi huko, ukasafiri. Jambo ambalo sikukuambia wakati ule ni kwamba nilikaa ndani zaidi ya miaka miwili. Barua nilizokuwa nakuandikia kuhusu matembezi yangu zilikuwa za uongo. Nilikuwa natembea kutoka kitandani mpaka kibarazani.

Aliyechoka kuniona kibarazani alikuwa jirani wa Mama, yule mstaafu wa polisi wa kikosi cha mbwa ambaye mtaa mzima unamwita Sajini. Alichukua mtoto wa mbwa jike, akamfundisha mwaka mmoja na nusu. Kisha akanifundisha mimi miezi mitatu, na hadi leo husema kwamba katika wanafunzi wale wawili, mbwa ndiye aliyekuwa na akili.

Jina lilikuja lenyewe. Kila walipofika ukingoni mwa barabara Sajini alimwambia, "Ngoja... ngoja," mpaka mtoto wa mbwa akaamini kwamba anaitwa. Ikabidi amri ibadilishwe iwe "simama." Shida ni kwamba nilipomwita njiani, nusu ya wapita njia walikuwa wanasimama. Kuna baba mmoja wa mkokoteni alisimama karibu dakika nzima, kisha akaniuliza kwa upole, "Dada, nimengoja. Haya, sema."

Kwa miaka tisa yeye na mimi tulikwenda kazini pamoja. Ngazi ishirini na mbili, kata kushoto, pita cherehani za fundi, pita harufu ya mkate, vuka barabara ndogo, pita kwa fundi baiskeli, vuka barabara kubwa, kisha fuata ukuta wa hospitali mpaka getini. Chumba changu cha simu kiko chini ya ngazi za ghorofa, na yeye alilala chini ya meza, mgongo wake juu ya viatu vyangu. Wauguzi walimwita Matroni, kwa sababu alipokuwa anapita kwenye korido hata wanaopiga soga walijifanya wana shughuli.

Nikuambie siku moja tu katika hizo, ndipo utajua kwa nini naandika kurasa nyingi hivi juu ya mbwa. Ilikuwa mwaka wa pili. Tumefika usawa wa kwa fundi baiskeli, akagoma. Nikamwambia twende, akagoma. Nilikuwa nachelewa, nikamkaripia, nikauvuta kwa nguvu ule mkanda wa kazi wenye mpini ninaoushika. Akaja akalala chini, juu ya miguu yangu, uzito wake wote. Nikiwa naendelea kumfokea mbele za watu, nikasikia mtu anapiga kelele kutoka ng'ambo: "Mama, usisogee! Mbele yako kuna shimo!" Mafundi wa mabomba walikuwa wamefukua usiku na kuondoka bila kufunika. Ningetumbukia mpaka kifuani. Ngoja hakuninunia hata kidogo. Aliinuka, akajikung'uta, akanizungusha.

Sasa habari yenyewe.

Mwezi wa kumi na moja, Jumamosi asubuhi, nilikuwa namwogesha. Chini ya taya upande wa kulia nikagusa kitu kigumu, mviringo, ukubwa wa gololi, kinateleza chini ya ngozi. Nikahamia kushoto, kipo kingine. Mbele ya mabega, viwili. Nyuma ya magoti ya miguu ya nyuma, viwili. Nilirudia kuvihesabu mara tatu povu likiwa linamkaukia mwilini. Mama akaja kutazama, akasema haoni kitu, ni manyoya tu. Na kweli kwa macho hapakuwa na kitu cha kuona.

Daktari wa mifugo ni mama mmoja mwenye sauti nzito na mikono mikubwa ya baridi. Alimchoma sindano kwenye tezi, akavuta majimaji, akapeleka maabara. Siku tisa baadaye akatuita. Nilimpenda kwa sababu hakuzunguka zunguka.

"Ni saratani ya tezi," akasema. "Imeshatembea mwilini."

"Kuna dawa?"

"Hapa nilipo nina vidonge vya kupunguza uvimbe. Vitampa wiki kadhaa nzuri. Havitamponya."

"Anaumwa?"

"Bado. Siku akianza, wewe utajua kabla yangu."

Njiani kurudi, Kaka, yule mbwa alinivusha barabara zote mbili kama siku nyingine yoyote. Mimi ndiye niliyekuwa nakanyaga ovyo.

Vidonge vilifanya kazi. Uvimbe ulinywea, hamu ya kula ikarudi mpaka akamwibia Mama mayai mawili ya kuchemsha na kuacha maganda safi kabisa sakafuni. Mwezi wa kumi na mbili wote alifanya kazi. Daktari alisema mradi ana furaha, nisimnyang'anye. Na alikuwa na furaha. Asubuhi nikigusa tu msumari unaotundikwa mkanda, mkia wake ulikuwa unagonga mlango kama mdai kodi.

Halafu ikaja ile Jumatano ya katikati ya Januari. Tuko katikati ya barabara kubwa, akakaa. Hakusimama, alikaa, kama mtu aliyeishiwa miguu. Magari yakaanza kupiga honi pande zote mbili. Nilimwita, akajaribu kuinuka, nikasikia kucha zake zikiteleza kwenye lami. Nilijua sitamwacha pale na sijui nitambebaje, mbwa wa kilo thelathini. Nikainama, nikapitisha mikono chini ya kifua chake, na fundi baiskeli aliyekuwa ametuona akaja mbio akashika upande wa nyuma. Tukamvusha hivyo hivyo, kama watu wanaohamisha kochi. Tulipomlaza kando ya ukuta wa hospitali alinilamba kifundo cha mkono, akaanza kujaribu kusimama ili twende kazini.

Nikamvua ule mkanda pale pale. Ilikuwa mara ya kwanza kumvua tukiwa nje. Sikumvisha tena.

Habari zilifika hospitali kabla yangu. Mchana bosi wangu, msimamizi wa utawala, akaniita ofisini kwake. Sitaki umwone mtu mbaya, si mbaya. Aliniletea kiti mwenyewe. Lakini alisema hospitali haiwezi kunibebea dhamana nikigongwa na gari nikija kazini, kwamba nichukue likizo yangu yote niliyolimbikiza, na kwamba huku nikipumzika wangeanza kuangalia utaratibu wa kunistaafisha kwa sababu za kiafya.

Nikamwambia afya yangu haina neno, mgonjwa ni mbwa.

Nikamuuliza, "Likizo inaisha lini?"

"Jumatatu ya mwisho ya Februari."

"Siku hiyo nikija kwa miguu yangu, peke yangu, saa mbili kamili niko kwenye kiti changu. Kiti kitakuwepo?"

Nikasikia anabonyeza bonyeza kalamu. Mwishoni akasema, "Kitakuwepo."

Jioni hiyo nilikwenda kwa Sajini, nikamwambia nataka anifundishe fimbo nyeupe. Unajua nilivyoichukia fimbo tangu shuleni. Sajini naye anaichukia, anasema ni mbwa asiye na pua. Lakini alikuja kesho yake saa moja asubuhi, na kesho kutwa, na kila siku isipokuwa Jumapili, wiki tano.

Kuna jambo nililijua katika hizo wiki ambalo sikuwa nalijua miaka tisa. Kati ya nyumba yangu na hospitali kuna nguzo saba, benchi moja la zege, bomba linalotokeza ukutani usawa wa paja, na ubao wa matangazo ambao fundi cherehani huutoa nje kila asubuhi. Vyote vilikuwepo siku zote. Ngoja alikuwa ananizungusha bila kunisumbua na habari zake. Fimbo haizungushi mtu, inakugonganisha na kila kitu halafu inakuuliza utafanyaje. Wiki ya kwanza nilirudi nyumbani na alama za buluu kwenye miguu yote miwili. Mama akawa ananipaka mafuta huku anasema, "Kichwa kigumu hiki umekitoa kwa baba yako," kana kwamba yeye chake ni pamba.

Siku kumi za mwanzo Ngoja alikuja nasi. Sajini alimshika kamba, wanatembea hatua chache nyuma yangu. Nilipokaribia nguzo nilikuwa namsikia analia kwa ndani, ule mlio mwembamba wa mbwa anayetaka kusema. Mara moja nilipotaka kushuka barabarani wakati pikipiki inakuja alibweka, yeye ambaye hakuwa mbwa wa kubweka, na nikarudi nyuma. Sajini akamwinamia, nikamsikia anamwambia kwa sauti ya chini, ile anayotumia na mbwa tu, "Mwache, mama. Mwache ajifunze. Umeshamaliza zamu yako."

Nilisimama pale nimeikamata fimbo kwa mikono miwili. Kisha nikaanza kusikiliza barabara upya.

Baada ya hapo Ngoja alikuwa anatusindikiza mpaka mwisho wa ngazi. Halafu mpaka mlangoni. Tezi za shingoni zilirudi, safari hii kubwa kama ndimu, na dawa hazikuziweza tena. Usiku nilihamishia godoro langu sakafuni ili nisikie anavyopumua. Mchana nilitoka na fimbo, nikirudi namkuta amelala pale pale nyuma ya mlango, pua kwenye upenyo wa chini. Nilimsimulia nimepita wapi. Utacheka, lakini nilikuwa namsimulia.

Ijumaa ya tarehe ishirini na moja alikataa kula. Nilimmenyea yai, nikalikata vipande, nikaviweka kiganjani, akavilamba kwa adabu na kuviacha. Jumamosi asubuhi kila pumzi ilikuwa inapita kwa shida, kama mtu anayevuta hewa kwa kitambaa. Hakulia. Aliniwekea kidevu juu ya goti na kukiegemeza kwa nguvu. Ndipo nikajua ile siku aliyoisema daktari ndiyo hii. Nikampigia simu mwenyewe. Sikutaka Mama anipigie, wala Sajini.

Daktari alifika saa nne. Tulikuwa kwenye chumba changu, mimi nimekaa chini, mgongo ukutani, Ngoja kichwa mapajani. Mama, ambaye miaka tisa amekuwa akisema chumba si zizi na mbwa anywee maji yake nje, aliketi sakafuni upande wa pili na mifupa yake yote, akamfunika kwa shuka yake nzuri, ile asiyowatandikia hata wageni. Sajini alisimama mlangoni. Nilijua kasimama wima kwa jinsi viatu vyake vilivyogongana visigino.

Daktari akaniuliza, "Uko tayari?"

Nikamwambia, "Siko tayari. Endelea."

Aliuelekeza mkono wangu mahali moyo ulipo, nyuma kidogo ya kiwiko cha Ngoja. Nikauhisi ukienda, ukienda kwa haraka, kisha polepole, kisha kama mtu anayeshuka ngazi na kupumzika kila hatua. Nilimwambia maneno yangu sikioni. Hayo nimebaki nayo. Halafu chini ya kiganja changu pakawa na manyoya ya joto tu.

Tulimzika alasiri kwenye ua wa Sajini, kando ya uzio, waliko mbwa wake watatu wa kazini. Sajini alichimba mwenyewe, alikataa kusaidiwa. Nilishika shuka pembe mbili, Mama mbili, tukamshusha.

Jumapili ukapiga simu.

Na Jumapili hiyo hiyo jioni Mama naye akaanza. "Mpigie bosi wako, mwambie umefiwa. Akupe wiki moja." Nikamwambia, "Mama, bosi akinipa wiki moja kwa huruma, wiki ya pili atanipa barua." Akasema, "Basi nikusindikize." Nikasema hapana. Akasema, "Nitakaa nyuma sana, hutanijua." Nikamwambia viatu vyake navijua tangu niko tumboni. Akanuna akaenda kulala.

Kaka, Jumatatu mvua ilinyesha. Wewe unayeona unaweza kudhani mvua ni kulowa tu. Kwangu mvua ni kama mtu akuzimie taa. Mabati yanapiga kelele, matairi yote yanatoa mlio mmoja, huwezi kujua gari liko mbali au liko puani. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikaisikiliza, nikawaza dakika moja tu, nikavaa. Niliondoka saa moja kasorobo, safari ya dakika ishirini na tano.

Ngazi, sawa. Cherehani zilikuwa bado zimefungwa. Harufu ya mkate mvua ilikuwa imeizima kabisa. Barabara ndogo nilivuka vizuri, lakini nilipopanda ng'ambo nilikosea pembe, fimbo ikaingia kwenye matope ambayo hayakuwa kwenye hesabu zangu. Nikaendelea hatua ishirini nikitumaini. Usijaribu kutumaini hatua ishirini ukiwa huoni. Nikagonga bati. Harufu ya rangi ya gari. Nilikuwa nimeingia kwenye gereji ambayo sikujua hata kama ipo.

Nilisimama. Mkono wangu wa kushoto ulijiinua wenyewe kutafuta mpini wa mkanda, ukakuta hewa. Pale nikiri kwamba nilitamani ungekuwepo unishike mkono kama zamani, na nilitamani kurudi nyumbani, na nilimtamani yule mbwa kwa hasira, kana kwamba ameniacha kwa makusudi.

Kisha nikapaza sauti, "Jamani, kuna mtu?"

Fundi mmoja akatoka chini ya gari, nikasikia kigari chake kinavyoviringika. "Dada, unakwenda wapi na mvua hii? Kaa hapa, nitakutafutia mtu akupeleke."

"Sitaki kupelekwa. Niambie tu barabara kubwa iko upande gani wa mwili wangu."

Akafikiri. "Mkono wa kulia. Kama hatua arobaini. Utapita rundo la matairi kushoto."

Alikuwa mtu wa kuaminika, rundo la matairi lilikuwa kushoto. Kwenye barabara kubwa nilisimama muda mrefu kuliko siku zote. Niliyaacha magari yapite, nikajifunza sauti zao upya kwa ile mvua, nikangoja kimya kimoja, nikakiacha, nikangoja cha pili ili nihakikishe, kisha nikavuka. Fimbo ilipogonga ukuta wa hospitali niliupiga kofi kama rafiki aliyepotea.

Bosi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba changu. Nilikuwa natiririka maji kuanzia kichwani.

"Saa mbili na dakika tatu," akasema.

"Na wengine je?"

Akacheka, hakuweza kujizuia. "Hata wenye magari hawajafika." Akasogea nipite. Nikaingia, nikakaa, nikavaa visikizi, na simu ya kwanza ikawa ya baba mmoja anaulizia wodi ya wazazi huku anahema kana kwamba anazaa yeye. Nikamuunganisha.

Sasa ni wiki ya pili. Nimechelewa mara ile moja tu. Ile barua ya kunistaafisha, iliyokuwa imeshaandaliwa, bosi ameichana, na amemwomba Sajini aje awaonyeshe walinzi wa getini jinsi ya kumsaidia mtu asiyeona bila kumburuta kama gunia.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Sitakuja kukaa kwenu. Nitakuja kuwasalimu, na hapo naomba mnipokee kama mgeni wa wiki mbili, mwenye kazi inayomngoja. Huko kwenu ningekuwa na kitanda kizuri na watu wanaonipenda, na ningerudi kibarazani. Na nikuambie lingine ambalo nadhani umelibeba miaka yote hii: hukuniacha. Ulikwenda kufanya kazi, kama mimi ninavyokwenda. Mzigo huo ushushe sasa, ndugu yangu.

Sajini ana mtoto wa mbwa amemwona mahali, anasema ana masikio ya kusikiliza. Nimemwambia amfundishe, miaka miwili si mingi. Lakini kwanza njia hii niijue kwa miguu yangu, pamoja na nguzo zake saba.

Limebaki moja ambalo sijamwambia mtu, na Mama atalijua hapa hapa akiwa na kalamu yake. Tangu tezi ya kwanza mpaka maziko sikulia. Watu walinishangaa. Ile Jumatatu, wakati wa kurudi nyumbani, mvua imekata, nilifika barabara kubwa, nikasimama ukingoni kusikiliza magari. Pale pale machozi yakaja. Nililia huku nimeishikilia fimbo. Mama mmoja, kwa sauti mtu mzima, akanishika kiwiko.

"Mwanangu, umepotea? Nikuvushe?"

"Hapana, mama, sijapotea," nikamwambia. "Ninalia tu. Nikimaliza nitavuka."

Hakuondoka. Alisimama kando yangu. Nilipomaliza nikapangusa uso, nikasikiliza kulia, nikasikiliza kushoto, nikavuka.

Mama anawasalimu nyote na anasema goti lako ulipeleke kwa daktari. Sajini anakusalimu kwa saluti. Msalimie sana wifi, umwambie simu nikikata tena anipigie yeye. Mapacha wabusu, hata kama wamekua na hawataki. Mungu awalinde mlipo, awape afya na kazi ya kuamkia, na atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye sana, wa kichwa kigumu.